Theluji Inapolia

Saa tisa usiku, Tartu, Januari.
Jengo la ghorofa tisa limepoa kama uji wa jana,
na programu yetu, bila haya, inaandika: shwari.

Taavet ana jibu kabla ya swali.
"Ni vali. Tangu Jumatatu nasema ni vali."
Anataka kubadili vali, na saa ya seva,
na mistari arobaini ya msimbo,
vyote kwa mkupuo mmoja, halafu akalale.
Ragne hamjibu. Anafungua daftari la karatasi
kama la mtoto wa darasa la pili,
anaandika: Tunadhani ni vali.
Chini yake: Ikiwa ni vali, iliamriwa ifunguke ikagoma.
Chini yake tena anaacha mstari mtupu,
wa kutuumbua.

Nadharia tete, ndivyo tulivyofundishwa kuiita.
Na ni tete kweli, kama hindi bichi:
ibinye kwa ukucha uone kama itatoa maziwa.
Usipoibinya, utajuaje imekomaa?

Tukasoma kumbukumbu za mashine.
Vali iliambiwa ijifunge. Ikajifunga.
Taavet akavaa koti, akavua koti, akaketi.

Basi ni saa ya seva. Tukairekebisha hiyo tu,
kitu kimoja, mikono ikituwasha.
Usiku wa kwanza, joto. Wa pili, joto.
Wa tatu nikanunua keki ya mdalasini.
Ragne alikula kipande chake, akapangusa vidole, akaandika:
Kimya si ushahidi.
Usiku wa nne jengo likapoa,
na keki iliyobaki hakuna aliyeigusa.

Ndipo akapiga simu Bi Leida wa ghorofa ya saba,
aliyeshona makoti ya watu miaka arobaini,
asiyejua seva ni mnyama gani.
"Joto hukatika," alisema,
"zile siku theluji inapolia chini ya kiatu."
Taavet akacheka.
Kalamu ya Ragne ikasimama.

Baridi ikiwa ya wastani, theluji hukanyagwa ikanyamaza.
Ikipita kumi chini ya sifuri hulia, kwi, kwi,
kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Kumi.
Tarakimu mbili.

Kipimajoto cha nje hututumia alama moja moja,
nasi tulikitengea vyumba vinne.
-9.5 huingia yote, ikakaa.
-10.5 inahitaji vyumba vitano,
na msomaji wetu huhesabu kutoka nyuma:
nukta ikapata pake, sifuri ikapata pake,
kile kistari cha mbele kikafungiwa nje, kwenye baridi.
Kwa hiyo programu ikaamini kuna joto la kumi,
majani yanachipua, ndege wamerudi,
ikazima kila kitu kwa moyo mweupe.

Mistari ile niliiandika mimi.
Julai, dirisha wazi, nikila stroberi.
Niliipima kwa majaribio kumi na mawili, yote yakapita,
kwa kuwa yote yalikuwa maswali
ambayo majibu yake nilikuwa nayo mfukoni.
Nilikuwa nauliza ili niambiwe ndiyo.

Nikashika kibodi nisahihishe. Ragne akaniwekea mkono.
"Kwanza ianguke hapa, tukiiona."
Tukaandika jaribio la kumi na tatu,
tukaipa mashine -10.5,
ikatujibu 10.5, nyekundu.
Sijawahi kufurahia kosa langu namna ile.
Kisha nne ikawa nane. Kazi ya sekunde mbili,
baada ya siku kumi na moja.

Daftarini hakuandika tumepona.
Aliandika tarehe, akaacha mstari, akangoja baridi.

Imekuja leo, kumi na nne chini ya sifuri.
Nimeshuka kwenye basi kituo kimoja kabla,
nimesimama chini ya jengo la Bi Leida
nikihamisha uzito mguu huu, mguu ule.
Kwi.
Kwi.
Juu, ghorofa ya saba, dirisha limefunguliwa kidogo,
pazia linapumua nje,
na mtu ndani analalamika kwa sauti kuwa kuna joto mno.